Goti baada ya upasuaji wa ACL: hatua kwa hatua, na jinsi ya kulipima bila mashine ya bei kubwa

Mchezaji aliyepandikizwa ligamenti ya mbele ya goti, ACL (ukano ulio ndani ya goti unaounganisha mfupa wa paja na muundi), hujisikia mzima muda mrefu kabla goti lake halijawa zima. Kufikia wiki ya 8 anatembea bila kuchechemea, uvimbe umeshuka na kocha ameanza kumuulizia. Ndani ya goti hali ni nyingine. Kano iliyochukuliwa chini ya pia ya goti au nyuma ya paja ili ifanye kazi ya ligamenti imetenganishwa na damu yake. Seli zake nyingi hufa, kisha mishipa midogo ya damu na seli mpya huingia taratibu. Kati ya wiki ya 6 na ya 12 kipandikizi huwa dhaifu kuliko siku kilipowekwa, na kukomaa kwake huendelea hata baada ya mwaka.

Ndiyo maana hatumwamini mgonjwa anayesema "niko sawa", wala hatuiamini kalenda peke yake. Muda lazima upite, na vipimo lazima vifaulu, vyote viwili. Mwongozo huu ni kwa wataalamu wa fiziotherapia wa hospitali na kliniki zisizo na mashine ya isokinetiki (ile ya bei kubwa inayopima nguvu ya misuli), pamoja na makocha na wagonjwa wanaotaka kujua kwa nini wanaambiwa wasubiri. Vifaa ni hivi: goniomita (kifaa cha kupimia pembe ya kiungo), utepe wa kupimia, tepu ya gundi, simu yenye kamera, mkanda imara usiovutika, na mizani ya kidijitali ya kuning'iniza inayobeba kilo 150 au zaidi.

Kabla ya upasuaji

Si kila ACL iliyochanika inahitaji kisu. Jaribio la KANON la Sweden, lililochapishwa mwaka 2010, liligawa vijana 121 katika makundi mawili: waliopandikizwa mapema wakafanya mazoezi, na walioanza na mazoezi kwanza huku upasuaji ukiwa akiba. Baada ya miaka 2 makundi yote yalikuwa sawa kwa maumivu na utendaji, na kufikia mwaka wa 5 karibu nusu ya kundi la pili walikuwa bado hawajahitaji kupandikizwa. Anayerudi kwenye mchezo wa kugeuka ghafla, au ambaye goti lake linalegea ghafla anaposhuka ngazi, ana sababu nzuri zaidi ya kupasuliwa. Kwa yeyote kati yao, kazi huanza na mazoezi.

Kabla ya siku ya upasuaji tafuta mambo matatu: goti linyooke sawasawa na lenzake, maji ndani ya goti yawe kidogo sana, na nguvu ya misuli ya mbele ya paja isiwe pungufu kwa zaidi ya 20% ukilinganisha na mguu mzima. Anayeingia chumba cha upasuaji na upungufu mkubwa kuliko huo mara nyingi hubaki nao hata miaka 2 baadaye.

Wakati huo huo, kabla ya upasuaji, pima na kuandika nguvu na mruko wa mguu mzima. Namba hizo zitakuwa na thamani kubwa miezi 9 mbele, na nafasi ya kuzipata haitarudi.

Jifunze kwanza kupima maji ya goti

Kipimo hiki hakigharimu kitu, na ndicho kitakachokuongoza kila siku ya kazi. Mgonjwa alale chali, goti limenyooka, paja limelegea.

Kwa kiganja, sukuma maji kutoka upande wa ndani wa goti, usawa wa kiungo, kuelekea juu ya pia. Rudia mara 2 au 3. Kisha telezesha mkono upande wa nje, kuanzia juu kidogo ya pia kushuka hadi usawa wa kiungo, huku macho yako yakiwa kwenye kishimo cha upande wa ndani.

Hakuna wimbi lolote: 0. Wimbi dogo tu: dalili. Kishimo kinajaa wazi unaposhusha mkono: 1+. Maji yanarudi yenyewe upande wa ndani kabla hujashusha mkono: 2+. Maji ni mengi kiasi kwamba hayasukumiki: 3+.

Maji yakipanda daraja moja baada ya mazoezi, kipindi kilichopita kilikuwa kizito mno. Rudi hatua moja, na usiongeze mzigo hadi yashuke. Goti la 2+ halikimbii wala haliruki, hata kama halina maumivu. Sababu yake iko kwenye neva: maji ndani ya kiungo hupeleka ishara zinazouzuia uti wa mgongo kuamrisha misuli ya mbele ya paja ijikaze kikamilifu. Mgonjwa anakazana, msuli hauitiki. Kumwongezea mzigo wakati huo ni kuifundisha misuli mingine kuubebea kazi.

Wiki ya 0 hadi ya 2: nyoosha, kausha, washa msuli

Kama kuna jambo moja la kulilinda kwa nguvu zote katika wiki hizi, ni kunyooka kwa goti. Kukunja huja kwenyewe kwa wagonjwa wengi. Kunyoosha kukipotea, tishu ya kovu hujijenga mbele ya kipandikizi kama kivimbe na kuziba njia, na mara nyingine hulazimu upasuaji mwingine. Goti linalokosa nyuzi 5 tu humfanya mtu achecheme na kuuchosha msuli wa mbele ya paja kutwa nzima.

Weka taulo lililokunjwa chini ya kisigino, goti lining'inie hewani, dakika 10, mara 4 kwa siku. Kosa tunaloliona majumbani ni mto chini ya goti. Ndugu humwekea mgonjwa kwa huruma, naye hujisikia nafuu, lakini goti linajifunza kubaki limekunjwa. Waeleze watu wa nyumbani siku ya kwanza.

Kukaza msuli wa mbele ya paja: mguu umenyooka, akandamize goti kitandani, ashikilie sekunde 10, marudio 10, angalau mara 5 kwa siku. Tazama pia ya goti: lazima ivutwe kuelekea juu. Isiposogea, msuli haujawaka, na hapo mashine ya umeme ya kusisimua misuli inasaidia sana kama ipo. Kisha kuinua mguu ulionyooka, seti 3 za marudio 10. Goti likilegea hata kidogo wakati wa kuinua, hajawa tayari kuacha magongo.

Sogeza pia ya goti kwa vidole juu, chini na pembeni, dakika 2 hadi 3. Kukunja: kuteleza kisigino kitandani hadi nyuzi 90 mwisho wa wiki ya 2. Barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, dakika 15 hadi 20, mguu umeinuliwa juu ya usawa wa moyo.

Kukanda kwa maji ya moto na kuchuliwa na mtu wa kukanda viungo lazima kusubiri. Joto huongeza damu na uvimbe katika siku hizi, na goti linalokunjwa kwa nguvu na mtu asiyejua kilichofanyika ndani linaweza kuharibika. Mwambie mgonjwa kwa heshima na umweleze sababu. Asipoielewa ataenda kuchuliwa tu, na hatakuambia.

Magongo: sehemu ya juu ibaki vidole 3 chini ya kwapa, uzito ukae kwenye viganja, kiwiko kimepinda kidogo. Ngazi: kupanda, mguu mzima kwanza, kushuka, mguu wa upasuaji kwanza. Magongo yaachwe pale tu mwendo unapokuwa sawa bila kuchechemea.

Hapa ndipo pa kusoma taarifa ya daktari wa upasuaji kwa makini. Kama meniskasi (kipande cha gegedu kilicho kati ya mifupa ya goti) ilishonwa, mara nyingi kukunja chini ya uzito huzuiwa kupita nyuzi 90 kwa wiki 4 hadi 6, na kuchuchumaa hadi chini husubiri miezi kadhaa. Agizo la daktari hushinda ratiba yoyote, ikiwemo hii.

Mrudishe hospitali siku hiyo hiyo ukiona: shavu la mguu limevimba, linauma na lina joto; kifua kinauma au pumzi inakata; homa pamoja na kidonda kinachotoa usaha; au goti lililokuwa linanyooka limekwama ghafla.

Wiki ya 2 hadi ya 6: mwendo na misuli ya nyonga

Baiskeli isiyotembea huanza goti likifika nyuzi 105 hadi 110. Kabla ya hapo mgonjwa huinua nyonga ili kuzungusha pedali, na anajifunza vibaya. Nusu kuchuchumaa hadi nyuzi 45, kisha 60. Kupanda kibao cha sentimita 10, halafu 20. Kuinua visigino. Kusimama mguu mmoja sekunde 30.

Nyonga isisahaulike. Msuli wa pembeni ya kalio ndio unaozuia fupanyonga lisidondoke upande mmoja na paja lisiingie ndani mtu anapotua. Goti huchanika ACL mara nyingi bila kuguswa na mtu: mguu umetua, mwili unageuka, goti linaangukia ndani. Anza na kulala ubavu na kuinua mguu wa juu, seti 3 za marudio 12. Kisigino kitangulie na vidole visielekee juu. Vikielekea juu, kazi inachukuliwa na misuli ya mbele ya nyonga. Kisha kuinua makalio ukiwa chali, miguu miwili halafu mmoja. Kisha kutembea ubavu ukiwa na mpira juu ya magoti. Vipande vya tyubu ya baiskeli vinafanya kazi hii vizuri.

Kukaa kitini na kunyoosha goti dhidi ya uzito kumezua hofu kwa miaka mingi, kwa kuwa zoezi hilo huvuta muundi mbele karibu na mwisho wa kunyoosha. Suluhisho ni kudhibiti pembe, kwa sababu bila zoezi hili msuli wa mbele ya paja haurudi kikamilifu. Kuanzia wiki ya 4, fanya kati ya nyuzi 90 na 45. Ongeza hadi 30 wiki ya 5, 20 wiki ya 6, 10 wiki ya 7, na mwendo mzima wiki ya 8. Kama kipandikizi kilitoka nyuma ya paja, usiongeze uzito wa nje kwenye zoezi hili ndani ya wiki 12 za mwanzo. Mgonjwa huyo pia asivute kisigino dhidi ya uzito katika wiki 6 hadi 8 za kwanza, kwa sababu mahali kano ilipotolewa pana kidonda cha msuli.

Wiki ya 6 hadi mwezi wa 4: nguvu halisi

Programu nyingi hufia hapa. Mgonjwa hupewa marudio 30 ya mpira laini kwa miezi mitatu, anatoka jasho, na paja linabaki jembamba. Nguvu hujengwa na mzigo: seti 3 hadi 4, marudio 8 hadi 12, na mwisho wa seti abakiwe na uwezo wa marudio 2 tu. Siku 3 kwa wiki, pumziko la saa 48 katikati. Akiweza kuongeza marudio 2 juu ya lengo kwa vipindi viwili mfululizo, ongeza mzigo 5% hadi 10%.

Asiye na ukumbi wa mazoezi ana dumu la maji la lita 20, ambalo ni kilo 20 na kidogo. Begi la mgongoni lenye mchanga mkavu huongeza karibu kilo 1.5 kwa kila lita. Mazoezi ya msingi: kuchuchumaa mguu mmoja hadi kwenye kiti, kupiga hatua nyuma na kushuka, kuinama mguu mmoja huku mgongo umenyooka, kushuka taratibu kutoka kibao cha sentimita 20. Mguu wa upasuaji ufanye kazi peke yake. Kwenye mazoezi ya miguu miwili mguu mzima hubeba sehemu kubwa, na mgonjwa hana habari.

Maumivu ya mbele ya goti ni ya kawaida hasa kwa waliotolewa kano ya chini ya pia. Maumivu yanayoanza wakati wa kupasha mwili na kwisha: endelea na kiwango kile kile. Yanayoanza, yakaisha, kisha yakarudi katikati ya kazi: pumzika siku 2 na ushuke hatua moja. Yanayobaki hadi kesho yake: pumzika siku moja, usiongeze kitu.

Maisha ya nyumbani nayo yana mizigo yake. Choo cha kuchuchumaa na kukaa kitako katika sala hukunja goti karibu mwisho kabisa. Katika miezi ya mwanzo tumia kiti chenye tundu, na Mwislamu asali akiwa amekaa kitini. Kurudi sakafuni kuanze kwa kupimwa, kwa kawaida baada ya mwezi wa 4, na godoro jembamba chini ya goti. Asiwashe pikipiki kwa kupiga kiki na mguu wa upasuaji.

Kukimbia

Si kabla ya wiki ya 12, na masharti haya yatimie yote: maji ni 0 au dalili tu, kunyooka kamili, kukunja karibu sawa na mguu mzima, nguvu ya mbele ya paja angalau 70% ya mguu mzima, na kuchuchumaa mguu mmoja mara 10 bila goti kuingia ndani. Rekodi kwa simu kutoka mbele. Jicho peke yake hudanganyika.

Kimbia dakika 1, tembea dakika 1, mara 10, kwenye uwanja tambarare, siku moja na kupumzika moja. Ongeza dakika za kukimbia kidogo kidogo hadi dakika 20 mfululizo. Pima maji kesho yake asubuhi, kila mara. Kuruka na kutua kwa miguu miwili hufuata, kisha mguu mmoja, kisha kugeuka. Kugeuka kwa ghafla kuwe mwisho.

Kupima nguvu kwa mizani ya kuning'iniza

Mgonjwa akae kwenye kitanda kirefu imara, goti nyuzi 90, mikono imeshika kingo. Funga mkanda vidole 2 juu ya kifundo cha mguu. Upitishe nyuma kwenye mizani, na mizani ifungwe kwenye mguu wa kitanda ili mvuto uwe mlalo kabisa. Kitanda kikisogea au mkanda ukivutika, namba haina maana. Katika pembe hii ya nyuzi 90 kipandikizi hakivutwi kwa hatari.

Mivuto 2 ya nusu nguvu, kisha majaribio 3 ya nguvu zote, sekunde 5 kila moja, pumziko sekunde 60. Anza na mguu mzima. Piga kelele za kumtia moyo, maana bila hizo hupati nguvu yake yote. Kama mizani haishikilii namba ya juu, rekodi kioo chake kwa simu. Pima umbali kutoka usawa wa kiungo cha goti hadi katikati ya mkanda.

Mfano: mtu wa kilo 70, umbali mita 0.36. Mguu wa upasuaji kilo 41, mguu mzima kilo 52. Ulinganifu ni 41 ÷ 52, yaani 79%. Nguvu ya mzunguko ni 41 × 9.81 × 0.36 = nyutonimita 145; gawanya kwa uzito wa mwili, unapata 2.1 kwa kilo. Kwa mchezaji kijana lengo ni karibu 3. Huyu bado.

Sasa angalia mtego. Kabla ya upasuaji mguu wake mzima ulivuta kilo 58. Umedhoofika kwa miezi ya kukaa. Ukilinganisha na namba hiyo ya zamani, anabaki na 71%. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Delaware, Marekani, uliochapishwa 2017, ulikuta zaidi ya nusu ya wagonjwa walifikia 90% walipolinganishwa na mguu mzima wa siku hiyo, lakini chini ya theluthi waliifikia walipolinganishwa na mguu mzima wa kabla ya upasuaji. Hapo ndipo namba ulizoandika kabla ya upasuaji zinapofanya kazi.

Kupima mruko

Bandika tepu mstari wa mita 6 na upana wa sentimita 15. Mirukio minne, yote ya mguu mmoja: mmoja kwa umbali, mitatu mfululizo, mitatu ya kuvuka mstari kushoto na kulia, na kuruka mfululizo umbali wa mita 6 huku ukipima muda kwa saa. Kwenye ile ya umbali atue na kutulia sekunde 2, akiyumba haihesabiwi. Chukua wastani wa majaribio 2. Lengo ni 90% au zaidi katika kila mmoja. Kwa ule wa saa, gawanya muda wa mguu mzima kwa muda wa mguu wa upasuaji, kwa sababu hapo muda mfupi ndio bora.

Usiishie hapo. Watafiti wa Aspetar, hospitali ya tiba ya michezo ya Doha, walipima viungo wakati wa mruko wa umbali na kukuta goti huchangia takriban 13% tu ya msukumo. Nyonga na kifundo hufanya karibu yote. Mtu anaweza kuruka mbali akiwa na goti dhaifu. Katika mruko wa kwenda juu goti huchangia karibu theluthi, kwa hiyo pima pia kuruka juu kwa mguu mmoja: chaki vidoleni, ukuta, alama. Na kwenye mruko wa umbali tazama kutua, kwani hapo goti ndilo hupokea sehemu kubwa ya kazi. Anayetua na goti lililonyooka huku kiwiliwili kikiinama mbele analikwepa goti lake.

Kurudi mchezoni

Utafiti wa Delaware na Oslo wa 2016 uliwafuatilia watu 106 kwa miaka 2. Kila mwezi wa kusubiri, hadi kufikia mwezi wa 9, ulipunguza kiwango cha kuumia tena kwa 51%. Waliorudi kwenye michezo ya kuruka na kugeuka bila kufaulu vipimo, 38.2% waliumia goti tena, waliofaulu, 5.6%. Waonyeshe kocha na mzazi namba hizi. Miezi 9 ndiyo sakafu, na kwa walio chini ya miaka 20 tunapendelea kusogea karibu na 12, kwa kuwa vijana wanaorudi mchezoni ndio huchanika tena zaidi, na mara nyingi ni goti la upande wa pili.

Muulize pia kama anaogopa. Dodoso la ACL-RSI lina maswali 12, alama 0 hadi 100. Mwenye alama za chini husitasita anapogeuka hata kama misuli iko tayari; mpe wiki zaidi za mazoezi ya uwanjani yenye kugusana kidogo kidogo.

Mpangilio wa kurudi: mazoezi bila kugusana, mazoezi kamili na timu, dakika 15 hadi 20 za mechi, nusu mechi, mechi nzima. Angalau wiki moja kwa kila ngazi, na goti lipimwe maji baada ya kila moja. Kuanzia hapo kupasha mwili kwa programu ya FIFA 11+ yenye mazoezi 15, dakika 20, angalau mara 2 kwa wiki, kufanywe na timu nzima. Jaribio la Norway lililochapishwa 2008, kwa wachezaji 1,892 wasichana, lilionyesha kuwa hupunguza majeraha.

Asiyefaulu kipimo asiambiwe tu "rudi baada ya mwezi". Tazama kilichomwangusha. Nguvu pungufu: wiki 6 za mzigo mzito wa mguu mmoja, kunyoosha goti kitini kukiwemo, kisha pima tena. Nguvu ipo lakini kutua ni kubaya: punguza urefu wa mruko, fundisha kutua kwa sauti ndogo, magoti yamekunjwa, mbele ya kamera. Maji yamerudi 1+ au zaidi: simamisha kuruka, na yakidumu zaidi ya wiki 2 bila mzigo, arudi kwa daktari achunguzwe meniskasi na gegedu.